Kufunga duka la vitabu vilivyotumika: mwongozo kwa anayestaafu

Tangu nifunge fremu yangu ya Kinondoni, Dar es Salaam, wiki haipiti bila mwenzangu wa kazi hii kunipigia simu. Maswali ni yale yale. Mama, ulianzia wapi? Vile vilivyobaki ulivipeleka wapi? Watu wa kodi, TRA, walikusumbua? Nimeona badala ya kumjibu mmoja mmoja huku vocha inakatika, niyaandike yote hapa. Niliuza vitabu vilivyotumika kwa miaka 22, mitano ya mwanzo nikiwa nimetandika turubai kando ya barabara, kwa hiyo ninachokwambia nimekifanya kwa mikono yangu, na pale nilipokosea nitasema.

Kuna jambo moja ulijue kabla ya mengine yote. Mwenye duka la viatu akitaka kufunga hushusha bei, mzigo ukaisha. Vitabu havina tabia hiyo. Vizuri vitaondoka ndani ya wiki mbili, halafu utabaki na maelfu ya vitabu ambavyo mtu havitaki hata kwa bei ya andazi. Hayo mabaki ndiyo kazi yenyewe. Kwa hiyo usimwambie mtu yeyote kwamba unafunga kabla hujajua mabaki yako yanakwenda wapi. Mimi nilitangaza kwanza, nikafikiri baadaye, na mabaki yangu yalikaa sebuleni kwa dada yangu miezi minne.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Miezi sita. Ukiweza, anza Septemba. Hapo Desemba na Januari, wazazi wanapohangaika na vitabu vya shule, vitakukuta umeshapanga mafungu, na mwisho wa Februari uwe umetoka. Ukivuka Machi umeingia masika, na karatasi na masika havijawahi kupatana.
- Mkataba wa fremu. Usome leo, hasa kipengele cha notisi.
- Leseni ya biashara, TIN (namba yako ya mlipakodi), cheti cha jina la biashara kama ulisajili BRELA (wakala wa usajili wa biashara), mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, kama unayo, na risiti zote unazoweza kuzipata.
- Daftari la madeni. Ligawe safu mbili: wanaokudai na unaowadai.
- Maboksi ya karatasi za A4, yale yanayobeba rimu tano. Wenye steshenari huyatupa kila siku. Rimu moja ina uzito wa kilo 2.5, kwa hiyo boksi limezoea kubeba kilo 12 na nusu, na mtu mzima analinyanyua bila kuumia.
- Barakoa, brashi kavu ya rangi, penseli, kamba ya katani.
- Kijana mmoja mwenye mgongo mzima.
- Akiba ya kufungia. Kufunga kunakula pesa: usafiri, kodi ya miezi ambayo huuzi, haki za msaidizi, rangi ya ukuta. Ukitegemea kila kitu kilipwe na mauzo ya mwisho, utakwama katikati.

Hatua ya 1: Hesabu rafu, usihesabu vitabu

Rafu yenye urefu wa mita moja inabeba karibu vitabu 40 vya unene wa kawaida. Pima rafu zako kwa futi kamba, zidisha, umemaliza. Mimi nilikuwa na mita 150, yaani vitabu 6,000 hivi. Kitabu kimoja kwa wastani nikikipa gramu 350, nilikuwa nimekalia zaidi ya tani mbili za karatasi. Hesabu hiyo ndiyo inayokwambia utahitaji safari ngapi za kirikuu, na ndiyo itakayokuzuia kusema "nitavipeleka nyumbani tu."

Hatua ya 2: Toa kwanza visivyo vyako

Kila duka letu lina vitu vya watu. Kuna vile ulivyochukua mali kauli kwa mwenzako, ukiviuza ndipo unamlipa. Kuna mzee aliyekuachia kamusi zake akisema atarudi. Kuna mwanafunzi aliyelipa nusu. Virudishe vyote sasa, ungali unauza na sura yako inaonekana, kwa sababu siku ukitangaza kufunga, hata mtu asiyekudai atakumbuka kwamba anakudai.

Kwenye fungu hilo hilo weka vitabu vyenye mhuri wa shule au wa maktaba. Najua vilivyofika kwako. Vilinifikia na mimi. Vitoe, vipeleke vilikotoka, na usivipitishe kwenye mauzo ya mwisho kukiwa na watu wengi macho yote yakiwa kwako. Na kama katika mzigo ulioununua kwenye nyumba ya marehemu fulani mna majalada ya ofisi ya serikali, yale yenye namba za kumbukumbu na barua za zamani, hayo si bidhaa. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 ipo. Wapelekee Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, wao watajua la kufanya.

Hatua ya 3: Pekua kila kitabu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi wanaruka.

Shika kitabu kwa mgongo, kurasa zitazame chini, kitikise polepole. Kisha fungua ukurasa wa mwanzo na wa mwisho. Utashangaa. Ndani ya vitabu vyangu nilikuta picha za harusi, stakabadhi za benki, noti za shilingi mia zilizokwisha muda wake, barua ya mchumba iliyokunjwa mara nne, na siku moja cheti cha kidato cha nne cha mtu. Cheti halisi, ndani ya juzuu ya ensaiklopidia ambayo haikuguswa kwa miaka sita. Jina lilikuwepo na shule ilikuwepo. Ilinichukua wiki tatu kumpata mwenyewe, mama wa watu akalia kwenye simu. Alikuwa ameshakitafuta mpaka akakata tamaa.

Weka boksi moja la vitu vya namna hiyo. Usivitupe na usivipige picha ukavirusha kwenye status. Mtu hajakupa ruhusa ya kuonyesha barua yake ya mapenzi.

Ukipekua, angalia pia wadudu. Vumbi laini kama unga karibu na mshono maana yake fukusi. Njia za udongo nyuma ya rafu maana yake mchwa, na mchwa wakionekana mbele, nyuma wameshamaliza. Kitabu chenye ukungu mbichi, ule unaoacha alama kwenye kidole, kitenge siku hiyo hiyo. Usikiingize kwenye boksi na wenzake. Kianike kivulini penye upepo, si juani, kwa maana jua linakunja jalada na kula rangi. Kikishakauka kabisa ndipo ukipige brashi, ukiwa nje na umevaa barakoa.

Hatua ya 4: Gawa mafungu matano

Fungu la kwanza ni *vitabu adimu*. Ni vichache kuliko unavyodhani, lakini vipo. Fungua ukurasa wa hakimiliki, usiangalie jalada peke yake. Tafuta mwaka na mchapishaji: machapisho ya zamani ya Tanzania Publishing House, iliyoanza 1966, ya East African Literature Bureau, iliyoanza 1948, vitabu vya wamisionari vya Kiswahili vilivyochapwa kabla ya vita, matoleo ya Tanganyika Notes and Records, jarida lililoanza 1936, nakala za Mambo Leo, gazeti lililoanza 1923. Kitabu cha Walter Rodney juu ya Ulaya na Afrika kipo kila meza, lakini kile cha 1972, kilichotolewa na TPH pamoja na Bogle-L'Ouverture ya London, si sawa na nakala ya juzi. Hivi usivipange kwenye mauzo ya kufunga. Viweke nyumbani ndani ya boksi safi. Havikuli chochote, na mnunuzi wake hapiti njiani, huja kwa kutafutwa.

Fungu la pili ni *vya shule vinavyotembea*: vya maswali na majibu ya mitihani, riwaya na tamthiliya zinazosomwa sekondari, kamusi, atlasi zisizo za zamani mno.

Fungu la tatu ni *vya shule vilivyokufa*, na hapa uwe jasiri. Mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024 kwa madarasa machache na inazidi kupanda. Kitabu cha kiada cha mtaala wa zamani kilichokuwa dhahabu miaka mitano iliyopita sasa ni karatasi. Nilijua hivyo na bado niliendelea kuviweka mbele ya duka kwa sababu nilivinunua ghali. Bei uliyonunulia haimhusu mteja.

Fungu la nne ni *vya kusoma*: riwaya za Kiingereza, za Kiswahili, wasifu, vya dini, vya mapishi, vya kujiendeleza. Hivi ndivyo vitakavyolipa gharama za kufunga.

La tano ni *vya kilo*: majalada yamekatika, kurasa zimepotea, miongozo ya kompyuta za mwaka 1998, ripoti za semina.

Usimwachie kijana kugawa fungu la kwanza. Atakuwekea kamusi nzuri kwenye kilo kwa sababu jalada limechanika, na atakuhifadhia takataka yenye herufi za dhahabu.

Hatua ya 5: Ongea na watu wawili kabla ya tangazo

Wa kwanza ni mwenye fremu. Mpe notisi kwa maandishi kama mkataba unavyosema, ubaki na nakala aliyosaini. Kama unafikiria kumwachia mtu mwingine fremu akupe kilemba, yaani pesa ya kuachiwa nafasi, muulize mwenye fremu kwanza. Watu wanauziana vilemba wenyewe kwa wenyewe, mwenye nyumba akija anasema simjui huyu, na aliyekupa pesa anakugeukia wewe. Ulizia pia kodi ya zuio. Mfanyabiashara anayelipa pango hutakiwa kuzuia asilimia 10 na kuipeleka TRA. Wengi tulikuwa hatuizuii, tunampa mwenye nyumba pesa yote, na siku ya kufunga ndiyo swali linaibuka.

Wa pili ni msaidizi wako. Asisikie kwa mteja. Kama umemwajiri na ana zaidi ya mwaka, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakutaka umpe taarifa ya kusudio, mzungumze, kisha notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Anadai mshahara wa siku alizofanya, likizo ambayo hakuchukua, na kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili wa kazi, mwisho miaka 10.

Mfano: analipwa 300,000 kwa mwezi, anafanya kazi siku sita kwa wiki, ana miaka 8. Gawa 300,000 kwa 4.333 upate mshahara wa wiki, gawa tena kwa 6. Siku moja ni kama 11,539. Siku 7 mara miaka 8 ni siku 56, ambazo ni kama 646,000. Umlipe mbele ya shahidi, asaini, na umwandikie cheti cha utumishi. Kama una roho nzuri, mpe na haki ya kuchagua boksi moja la vitabu kabla ya wateja. Wangu alichukua vya mapishi vyote, sasa anapika keki Mbagala.

Hatua ya 6: Tangaza kwa awamu

Awamu ya kwanza ni wateja wa kudumu tu, wiki nne, bila tangazo la mlangoni. Wapigie. Wale wa kubadilishana, wanaoleta kitabu na kuongeza elfu moja, waambie kubadilishana kumekwisha: sasa ni kutoa tu. Aliyebakiwa na salio kwako achukue kitabu cha thamani hiyo.

Awamu ya pili weka bango: *TUNAFUNGA*, na tarehe. Tarehe ni lazima. Bango lisilo na tarehe watu hulizoea kama ukuta. Punguza bei kidogo, kama robo. Piga picha rafu nzima nzima, migongo ya vitabu isomeke, uweke status na kwenye magrupu. Picha ya kitabu kimoja kimoja itakumaliza.

Awamu ya tatu ni bei moja. Kila kitabu elfu mbili, kisha elfu moja. Hapa usibishane na mtu, wala usianze kusema "hiki lakini ni kizuri." Kama ni kizuri ulipaswa kukitoa kwenye hatua ya 4.

Siku tatu za mwisho, mfuko: mtu ajaze mfuko wake kwa elfu kumi. Inafurahisha kuliko unavyofikiri. Walimu walikuja na mabegi ya safari.

Onyo la malipo: siku za msongamano ndizo za ujumbe feki wa kutumiwa pesa. Mteja akikuonyesha simu yake, tabasamu, kisha angalia salio lako mwenyewe. Kitabu kisitoke kabla hujaona pesa imeingia.

Hatua ya 7: Waite wenzako, lakini wauzie kwa rafu

Wauza vitabu wenzetu watakuja tu, hata usipowaita. Kosa kubwa ni kuwaruhusu kuchagua wiki ya kwanza. Watakula nyama wakuachie mifupa, na bado watakuomba upunguze. Waite baada ya awamu ya pili, na uuze rafu nzima kama ilivyo: anayetaka hii mita mbili achukue vyote vilivyomo, vizuri na vibovu. Mtabishana. Kunywa maji. Atakayesema hataki ataondoka hadi kona ya barabara, halafu atarudi.

Pesa taslimu au kwa simu, palepale. Usimpe mtu mzigo mali kauli wakati unafunga duka. Utamdai ukiwa wapi?

Hatua ya 8: Mabaki

Sasa tumefika penyewe.

Anza na vitabu vya dini, uvitoe vyote kwenye fungu la kilo hata kama vimechakaa. Msahafu, juzuu, vitabu vya dua, chochote chenye aya: ongea na imamu wa msikiti ulio karibu au mwalimu wa madrasa, wana utaratibu wao wa kuvihifadhi au kuviondoa kwa heshima. Biblia na vitabu vya nyimbo vipeleke kanisani. Nasisitiza kwa sababu karatasi za kilo zinaishia kufungia karanga na vitumbua. Niliwahi kununua karanga za mia mbili, nikafungua nikakuta aya. Sikuzila, na mpaka leo najiuliza kama karatasi ile haikutoka kwangu.

Vinavyofaa kusomwa lakini havikununuliwa, tafuta pa kuvigawa. Shule, kituo cha watoto, zahanati yenye benchi refu la kusubiri, gereza. Kwa vile adimu vya historia, watu wa kuongea nao ni Maktaba Kuu ya Taifa pale Mtaa wa Bibi Titi Mohamed, ile iliyofunguliwa Desemba 1967, au maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yenye sehemu ya mambo ya Afrika Mashariki. Popote unapopeleka, piga simu kwanza, taja idadi na aina, na uulize wanataka nini. Mwalimu mkuu hawezi kukataa zawadi mbele ya wanafunzi, kwa hiyo ukimshushia maboksi arobaini ya kiada cha mtaala uliokufa atakushukuru, kisha atatafuta stoo ya kuvitupia. Hujatoa sadaka, umehamisha takataka.

Vya kilo, toa majalada magumu na waya za chemchemi, funga kwa katani mafungu ya kilo kumi kumi, kisha tafuta wanunuzi wa karatasi chakavu, wanaopeleka viwandani kutengenezea trei za mayai na boksi. Kabla hujavikabidhi, pitia tena ripoti na madaftari yenye majina, namba za simu au matokeo ya hospitali ya watu. Yachane. Pima kwa mzani wako, si wa mnunuzi. Azima wa muuza nyanya jirani.

Hatua ya 9: Makaratasi

Hii ndiyo inayowatisha wengi, na ni fupi kuliko zote ukiifanya mapema.

*TRA.* Andika barua kwa meneja wa ofisi inayokuhudumia, utaje TIN, jina la biashara, mahali, na tarehe ya mwisho ya kuuza. Peleka mkononi, nakala yako igongwe mhuri. Kodi ya makadirio hulipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ukifunga Februari kimyakimya, wao wanajua bado unauza na deni linaendelea kuota. TIN yenyewe haifi. Ni yako maisha yako yote, unachofunga ni biashara iliyo chini yake. Kama una mashine ya EFD, toa ripoti ya mwisho ya siku, uulize utaratibu wa kuizima kabla hujampa mtu. Kumbukumbu zako zitunze miaka mitano. Boksi moja, juu ya kabati.

*Halmashauri.* Mjulishe ofisa biashara kwa maandishi, ulipe ushuru unaodaiwa, uombe uthibitisho.

*BRELA.* Jina la biashara lina taarifa yake ya kuacha biashara, unaiwasilisha kwenye mfumo wao wa mtandaoni. Kama ulisajili kampuni na si jina tu, mambo ni mazito zaidi, tafuta wakili.

*Lipa namba* nayo ifunge kwenye kampuni ya simu, ukishatoa salio lote.

Hatua ya 10: Pesa ya uzeeni na siku ya mwisho

Kabla hujaacha kuchangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kama ulikuwa unachangia kwa hiari, nenda ukaulize una miezi mingapi. Pensheni inadai michango isiyopungua miezi 180. Nawajua watu wawili walioacha wakiwa wamebakiza chini ya mwaka mmoja. Umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55, kwa lazima 60. Pesa ya mauzo usiikopeshe kwa shemeji. Hati fungani za serikali zinaanzia shilingi milioni moja, na riba inaingia mara mbili kwa mwaka bila wewe kubishana na mtu.

Mwezi wa mwisho nunua umeme wa luku kidogo kidogo, uniti hazihami. Siku ya kukabidhi piga picha kila ukuta, sakafu, mlango na mita, ukiwa na mwenye fremu, kisha msaini karatasi kwamba umekabidhi ukiwa hudaiwi.

Yakikwama

*Mwenye fremu anashikilia pesa yako ya tahadhari kwa sababu ya misumari ya rafu.* Ziba mashimo kwa simenti nyeupe na upake rangi mwenyewe kabla hajaja. Ni rahisi kuliko kubishana. Akiendelea kukataa bila sababu, anza na serikali ya mtaa.

*Msaidizi hakubali hesabu.* Mwonyeshe karatasi ya hesabu mstari kwa mstari. Mkishindwana, CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, ndiko mnakopatanishwa, na ni bora uende na nyaraka kuliko na maneno.

*Mvua imekukuta bado una mzigo.* Inua kila boksi juu ya mbao au matofali, acha upana wa kiganja kati ya boksi na ukuta. Usifunike kwa nailoni kwa kukaza, jasho litabaki ndani na ukungu utaota. Nailoni juu tu, pembeni wazi.

*Anayekudai ametokea baada ya kufunga.* Angalia daftari. Jina lipo, mlipe. Halipo, mpe kitabu kimoja kutoka lile boksi la nyumbani, sio kile cha 1972.

*Mtoto wako anataka kuendeleza duka.* Mwambie akae kaunta Januari nzima, kuanzia saa mbili asubuhi, kabla hujabadili mpango. Wangu alikaa siku tisa.

*Mikono haitaki kuachia.* Nilikuwa nikikirudisha rafuni kitabu kilichokwisha pangwa kwenye boksi, mara mbili, mara tatu. Dawa niliyoipata ni kumwachia kijana kufunga maboksi, mimi nikaenda kukaa nje kuuza chai. Chagua vitabu vyako mwenyewe mapema, vijaze rafu moja nyumbani, basi. Mimi nilijipa mita mbili. Nimeshazidisha.

Laini ya simu ya duka usiifunge mwaka wa kwanza. Januari watapiga, na itabidi uwaambie ni nani sasa anauza atlasi.